Vito Volterra: Alijua hesabu ya mla na mliwa, kiapo cha Mussolini akakataa kukila

Ukipekua vitabu vya ikolojia vya chuo, hutakosa kukutana na mchoro mmoja wa mistari miwili inayopanda na kushuka kama mawimbi. Mstari wa kwanza ni wa mnyama anayeliwa. Wa pili ni wa mnyama anayekula. Wa kwanza ukipanda, wa pili unaufuata nyuma. Wa pili ukifika juu, wa kwanza unaporomoka. Halafu wa pili nao unashuka kwa njaa, yule anayeliwa anapata nafasi ya kupumua, na mchezo unaanza upya.

Wengi wetu hukariri mchoro huo ndio tupite mtihani, kisha tunausahau hata kabla matokeo hayajatoka. Sasa, nyuma ya hiyo mistari kuna mtu. Aliitwa Vito Volterra, Mwitaliano aliyezaliwa 1860 na kufariki 1940. Hadithi yake ina vita, ina papa, ina mkwe, na ina kiapo kimoja ambacho karibu kila profesa wa nchi yake alikila, yeye akakataa.

Mtoto wa Ancona

Volterra alizaliwa Mei 3, 1860 mjini Ancona, bandari iliyo kwenye bahari ya Adriatiki. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi wa kawaida, si matajiri. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja, na Ancona ilikuwa chini ya Papa. Miezi michache baadaye, jeshi lililokuwa likiunganisha nchi liliuzingira mji na kuupiga mabomu. Bomu moja likaangukia karibu na kitanda cha huyo mtoto mchanga na kukiharibu kabisa. Mtoto akapona.

Akiwa na miaka miwili tu, baba yake akafariki. Mama yake, Angelica, akabaki mjane asiye na mali. Aliyewaokoa ni mjomba, Alfonso Almagià, aliyekuwa mfanyakazi wa benki. Aliwachukua mama na mtoto akaishi nao kama watu wa nyumba yake. Ndiyo maana Volterra alikulia sehemu kubwa ya ujana wake Florence, mji mwenye vitabu na walimu wa kutosha kumnoa.

Alianza kusoma vitabu vizito vya hisabati akiwa na miaka 11. Akiwa na 13 akasoma riwaya ya Jules Verne kuhusu watu wanaorushwa mwezini kwa mzinga. Watoto wengine wangeishia kuota ndoto. Huyu akachukua karatasi akaanza kupiga hesabu: kama dunia inaivuta risasi hiyo, na mwezi nao unaivuta, itapita njia gani? Mzee wa miaka kumi na mitatu, mazee.

Lakini nyumbani pesa hazikuwepo. Familia iliona kwamba hesabu hizi hazitaleta unga mezani, kijana atafute kazi ya kueleweka, benki kama mjomba wake. Wakamtuma jamaa yao mmoja, mhandisi Edoardo Almagià, akazungumze naye amtoe hiyo mawazo kichwani. Mhandisi akakaa na kijana, akamsikiliza, na mambo yakageuka. Badala ya kumshawishi aache, alirudi kwa familia akiwa upande wa kijana. Mwalimu wake wa fizikia, Antonio Roiti, naye akamtafutia kibarua cha msaidizi katika maabara, hata kabla hajaanza chuo kikuu. Hivyo akaweza kusoma bila kuwa mzigo kwa mjomba.

Kuanzia hapo gari likashika barabara. Alijiunga na chuo cha Pisa, akapata shahada ya udaktari 1882, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 23, akawa profesa. Alifundisha Pisa, akaenda Turin, na mwaka wa 1900 akahamia Roma. Mwaka huohuo akamwoa Virginia, binti ya yule mhandisi aliyetumwa kumkatisha tamaa. Mwaka wa 1905 akateuliwa seneta. Kijana aliyekaribia kusukumwa benki sasa alikuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya.

Vita, na samaki wa ajabu

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Italia mwaka wa 1915, Volterra alikuwa na miaka 55. Angeweza kukaa nyumbani na vitabu vyake bila mtu kumlaumu. Alijitolea jeshini. Akawekwa upande wa maputo makubwa ya kivita yaliyokuwa yakiruka kwa injini, akapanda nayo, na akawa miongoni mwa watu wa kwanza kupendekeza yajazwe heliamu badala ya haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi.

Vita vilipoisha, alirudi darasani. Lakini vita hivyohivyo vilikuwa vimeacha fumbo baharini, na fumbo hilo likaja kumfikia nyumbani kwake.

Binti yake Luisa alikuwa na mchumba, Umberto D'Ancona, mwanabiolojia kijana aliyefanya utafiti wa samaki. D'Ancona alikuwa amepekua rekodi za masoko ya samaki ya Venice, Trieste na Fiume, ambayo leo inaitwa Rijeka. Alitaka kujua ni sehemu gani ya samaki waliouzwa ilikuwa papa, taa na jamaa zao, yaani wale wanaokula samaki wenzao.

Tazama hesabu za Fiume. Mwaka wa 1914, samaki hao walikuwa asilimia 11.9 ya mzigo uliofika sokoni. Mwaka wa 1915 wakawa 21.4. Kufikia 1918 wakawa 36.4. Vita vikaisha, wavuvi wakarudi baharini kwa nguvu, na kufikia 1923 wakashuka hadi 10.7.

Sababu ya kwanza ilikuwa wazi: wakati wa vita watu hawakuvua sana, kwa sababu bahari ilikuwa uwanja wa mapigano. Lakini fikiria vizuri. Kama uvuvi ulipungua, si samaki wote wangeongezeka? Mbona walionufaika ni papa, na samaki wadogo hawakufaidika kwa kiasi hichohicho? D'Ancona hakuwa na jibu. Akamwendea baba mkwe wake mtarajiwa, mzee wa hesabu, mwaka wa 1925.

Hesabu yenyewe inasemaje

Volterra alifanya alichojua kufanya: akaitoa bahari yote, akabakisha vitu viwili tu. Samaki wadogo na papa. Kisha akaweka kanuni chache ambazo hata mtoto wa shule anaweza kuzielewa.

Samaki wadogo wakiachwa peke yao huongezeka, na wakiwa wengi huongezeka kwa kasi zaidi kwa sababu wazazi ni wengi. Papa wakiachwa bila chakula hupungua. Kila papa na samaki mdogo wanapokutana, kuna uwezekano mmoja aliwe na mwingine ashibe azae. Kukutana huko kunategemea wako wangapi kila upande: samaki mara mbili, kukutana mara mbili.

Basi. Ukiziandika kanuni hizo kama milinganyo miwili na kuziacha zijiendeshe, unapata yale mawimbi. Hakuna haja ya ukame, ugonjwa wala majira ya mwaka. Kula na kuliwa peke yake kunatosha kuzifanya idadi zipande na kushuka. Papa hufikia kilele chao baada ya samaki wadogo, wala si wakati mmoja nao, kwa sababu inachukua muda kwa mlo wa leo kuwa mtoto wa kesho.

Sasa fumbo la Fiume. Volterra alionyesha kwamba ukichukua wastani wa mzunguko mzima, wastani wa samaki wadogo unaamuliwa na mahitaji ya papa: papa wanakufa kwa kasi gani, na wanahitaji chakula kiasi gani ili watoto wanaozaliwa wafidie wanaokufa. Wastani wa papa nao unaamuliwa na kasi ya kuzaana ya samaki wadogo.

Kama hiyo inakuchanganya, fikiria kibanda cha chakula mtaani. Mwenye kibanda anahitaji wateja wa kutosha kulipa kodi. Kodi ikipanda, wateja wa jana hawatoshi tena, lazima wawe wengi zaidi ndio asifunge. Kodi ikishuka, wateja wachache wanatosha kumweka mjini. Kwa papa, kodi ni kifo, na samaki wadogo ndio wateja.

Uvuvi ni kama kuongeza kodi. Nyavu haziulizi nani ni nani, zinabeba papa na samaki wadogo pamoja. Papa wanapokufa zaidi, wanahitaji samaki wengi zaidi ili wasitoweke, kwa hivyo wastani wa samaki wadogo unakuwa juu. Wakati huohuo, samaki wadogo wanaozaana wanapunguzwa na nyavu, kwa hivyo wastani wa papa unakuwa chini. Punguza uvuvi, kama vita vilivyofanya, na mizani inageuka: papa wanapanda, samaki wadogo wanashuka. Ila hii ni kwa uvuvi wa kiasi. Ukivua kupita kiasi, wote wanaisha.

Matokeo hayo aliyachapisha 1926. Kumbe mwaka mmoja kabla, Alfred Lotka, mzaliwa wa Lemberg aliyekuwa akifanya kazi Marekani katika kampuni ya bima, alikuwa ameandika milinganyo kama hiyo kwenye kitabu chake. Lotka akaandika kudai nafasi yake, na Volterra akakubali kwamba mwenzake alitangulia kwenye sehemu hiyo, kila mtu akiwa amefika kwa njia yake. Ndiyo maana leo majina yote mawili yanatajwa pamoja. D'Ancona naye akamwoa Luisa mwaka huohuo wa 1926.

Kwa nini mkulima afuatilie mambo ya papa

Kanuni ya Volterra haikubaki baharini. Huko California, michungwa ilivamiwa katika karne ya 19 na mdudu kutoka Australia anayefyonza utomvu, mwenye kitu cheupe mgongoni kama pamba. Mwishoni mwa miaka ya 1880 wakulima wakaletewa mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa, naye pia kutoka Australia, anayemla mdudu huyo. Mashamba yakapona. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1940, dawa ya DDT ikafika, watu wakapuliza wakidhani wanamalizia kazi. Yule mdudu mweupe akarudi kwa fujo.

Dawa ilikuwa imefanya kazi ya nyavu. Iliua mla na mliwa pamoja, na aliyenufaika akawa mliwa. Kwa hivyo ukiona mtu wa shambani anapuliza dawa kali na wadudu wanazidi baada ya wiki chache, usikimbilie kusema ni dawa feki. Huenda ameua polisi pamoja na wezi.

Jaribu mwenyewe mezani

Kama wewe ni mwanafunzi, au una mdogo wako anayesoma ikolojia kidato cha tatu, kuna mchezo unaotumika madarasani ambao unafundisha haya yote bila mlinganyo hata mmoja. Unahitaji maharagwe, bilauri na karatasi.

Chora mraba mkubwa mezani. Tawanya maharagwe matatu ndani yake: hao ni sungura. Bilauri ni mwindaji. Funga macho, igeuze bilauri na uiweke popote ndani ya mraba. Maharagwe yaliyofunikwa yameliwa, yatoe. Mwindaji aliyefunika matatu au zaidi anaishi, na kwa kila matatu anapata mtoto mmoja. Aliyefunika chini ya matatu anakufa. Maharagwe yaliyobaki yanazaana: yaongeze mara mbili kwa raundi inayofuata, lakini yasizidi 200 kwa sababu nyasi zina kikomo. Kila raundi mwindaji mmoja mmoja anapewa nafasi yake ya kurushwa. Wawindaji wakiisha, mmoja mpya anahamia. Maharagwe yakiisha, matatu mapya yanahamia.

Andika idadi za kila raundi. Raundi za kwanza zinaboesha, mwindaji anakufa tu. Kisha maharagwe yanajaa, bilauri moja inazaa kadhaa, na ghafla meza inafagiwa. Fika raundi ya ishirini, chora mistari miwili, uone inavyofukuzana. Kisha rudia mchezo ukiondoa wawindaji kadhaa na maharagwe kadhaa kila raundi, kama mvuvi, ulinganishe wastani.

Usidanganyike lakini kwamba pori ni meza. Mwanabiolojia Mrusi Georgii Gause alijaribu miaka ya 1930 kuwaweka vijidudu viwili, mla na mliwa, ndani ya chupa. Mara nyingi mla alimaliza chakula chote kisha naye akafa njaa, mzunguko ukaisha kabla haujaanza. Waliponusurika, ilikuwa kwa sababu mliwa alipata mahali pa kujificha au wageni waliletwa kutoka nje. Kule Kanada, rekodi za ngozi za kampuni ya Hudson's Bay zinaonyesha sungura wa theluji na paka mwitu wanaowawinda wakipanda na kushuka kwa takriban miaka 10, ila majani wanayokula sungura nayo yana mchango wake.

Na hapa kwetu, nyumbu wa Serengeti na Maasai Mara waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Simba hawakuhusika sana. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umedhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe, na baada ya hapo nyasi na mvua ndizo zikawa zinaweka kikomo. Hesabu ya Volterra ni mahali pa kuanzia maswali. Ukiona pori halifuati mistari yake, ndipo unajua utafute ni nini kingine kinafanya kazi.

Karatasi ya 1931

Wakati Volterra akihesabu papa, Italia ilikuwa na mwindaji wa aina nyingine. Benito Mussolini aliingia madarakani Oktoba 1922. Volterra hakuwa mtu wa pembeni wakati huo. Alikuwa rais wa kwanza wa baraza la taifa la utafiti lililoundwa 1923, na kuanzia mwaka huohuo akaongoza Accademia dei Lincei, chama cha wasomi chenye heshima kuliko vyote nchini. Mtu wa cheo kama hicho ana mengi ya kupoteza.

Mwaka wa 1925 alitia sahihi tamko la wasomi waliopinga ufashisti, lililoandikwa na mwanafalsafa Benedetto Croce. Vyeo vikaanza kumtoka kimoja baada ya kingine. Uongozi wa Lincei uliisha 1926. Kwenye baraza la utafiti nafasi yake ikachukuliwa 1927 na Guglielmo Marconi, yule wa redio.

Kisha ikaja 1931. Serikali iliamuru kila profesa wa chuo kikuu ale kiapo cha utii kwa mfalme na kwa utawala wa kifashisti. Maprofesa walikuwa zaidi ya 1,200. Wengi hawakuupenda utawala huo, lakini walikuwa na watoto wa kulisha, na kuna waliojiambia kwamba ni afadhali wabaki darasani kuliko kuwaachia wanafunzi wao wafuasi wa chama. Si rahisi kuwacheka. Kodi ya nyumba haijui siasa.

Waliokataa walikuwa kama 12 tu. Volterra, akiwa na miaka 71, aliandika barua fupi ya heshima kwa mkuu wa chuo. Alieleza kwamba msimamo wake wa kisiasa ulijulikana tayari kutokana na kazi yake katika Seneti, na kwamba dhamiri yake haikumruhusu kula kiapo hicho. Akamwaga unga. Baada ya zaidi ya miaka 30 ya kufundisha Roma, mlango ukafungwa. Mwaka wa 1934 kiapo kikadaiwa pia kwa wanachama wa vyama vya wasomi. Akakataa tena, wakamfuta.

Rafiki yake Tullio Levi-Civita, mwanahisabati ambaye kazi yake ilimsaidia Einstein, alikula kiapo akabaki kazini. Mwaka wa 1938 zikaja sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, na Levi-Civita akafukuzwa pamoja na maprofesa wengine Wayahudi. Kiapo hakikumkinga hata kidogo.

Volterra hakunyamaza baada ya kufungiwa. Mihadhara aliyotoa Paris kuhusu hesabu za mapambano ya maisha ilitoka kama kitabu 1931, mwaka uleule aliofutwa kazi. Mwaka wa 1935 akatoa kingine akishirikiana na mkwe wake D'Ancona. Alialikwa nchi za nje akafundisha huko. Mwaka wa 1936 chuo cha sayansi cha Vatican kikamteua mwanachama, Myahudi ambaye nchi yake ilikuwa imemfungia kila mlango. Afya yake ikadhoofika, miguu ikamsumbua, na Oktoba 11, 1940 akafariki mjini Roma, nchi yake ikiwa tayari vitani upande wa Hitler. Alizikwa Ariccia, karibu na Roma, alikokuwa na nyumba ya mashambani.

Utawala uliomfuta ulianguka 1943. Milinganyo yake bado inafundishwa, na jina lake limepewa bonde moja upande wa nyuma wa mwezi, uleule mwezi ambao aliupigia hesabu akiwa na miaka 13.